Apple Mahakamani: Kutoka Cork hadi Luxembourg

1980–1991: Kampuni isiyo na kwao

Mwaka 1980, Apple ikiwa na umri wa miaka minne tu, ilifungua kiwanda Hollyhill, pembezoni mwa mji wa Cork, kusini mwa Ireland. Simu haikuwa hata ndotoni; kilichoundwa pale ni kompyuta. Ireland ya wakati ule ilikuwa miongoni mwa nchi maskini za Ulaya Magharibi. Vijana wake walikimbilia Uingereza na Marekani kutafuta kazi, na serikali iliwavuta wawekezaji kwa chambo kimoja kikubwa: faida itokanayo na bidhaa za kuuzwa nje haikutozwa kodi.

Msamaha huo ulipofikia ukingoni, Apple na mamlaka ya mapato ya Ireland walikaa kupatana upya. Miaka zaidi ya 20 baadaye Tume ya Ulaya ilianika kumbukumbu za mazungumzo yale. Mshauri wa kodi wa Apple alipendekeza kiasi cha faida ambacho tawi la Cork lihesabiwe kuwa limekipata. Alipobanwa, alikiri kwamba kiasi hicho hakikuwa na msingi wowote wa kisayansi. Haikusahaulika pia kutajwa kwamba kampuni ilikuwa imeajiri watu wapatao 1,000 katika eneo lile. Mwaka 1991 maofisa wa kodi waliridhia.

Mbinu yenyewe ni rahisi kuielewa kuliko inavyodhaniwa. Sheria ya Marekani iliihesabu kampuni kuwa ya Marekani ikiwa imesajiliwa huko. Sheria ya Ireland haikujali usajili. Iliuliza kampuni inaongozwa kutoka wapi. Sasa chukua kampuni tanzu iliyosajiliwa Ireland lakini inayoongozwa kutoka California. Marekani inasema ni ya Ireland, Ireland inasema si yake, na hakuna anayeidai kodi kamili. Apple ilikuwa na kampuni tanzu za namna hiyo, na moja yao, Apple Sales International, ndiyo iliyonunua bidhaa kutoka kwa waundaji na kuziuza Ulaya, Mashariki ya Kati, India na Afrika. Faida ya mauzo hayo yote iligawanywa kwenye karatasi: sehemu ndogo kwa tawi la Cork lenye wafanyakazi wa kweli, na iliyobaki, ambayo ndiyo karibu yote, kwa “makao makuu” yasiyo na ofisi, yasiyo na mfanyakazi na yasiyokuwa katika nchi yoyote duniani.

2007–2008: Simu, na duka ndani ya simu

Januari 9, 2007, jijini San Francisco, Steve Jobs aliionyesha iPhone kwa mara ya kwanza na kujigamba kwamba Apple ilikuwa imeiombea hataza zaidi ya 200. Kesho yake tu akashtakiwa. Kampuni ya Cisco ilikuwa tayari inamiliki jina la iPhone, na ilichukua hadi Februari kabla pande mbili hazijakubaliana kulitumia wote. Simu iliingia madukani Marekani mwezi Juni kwa dola 499 na 599.

Mwaka huohuo Ireland ilitoa uamuzi wa pili wa kodi, uliochukua nafasi ya ule wa 1991. Hakuna aliyeuandika kwenye magazeti. Lakini kuanzia hapo mfereji uliochimbwa kwa ajili ya faida ya kompyuta chache ulianza kupitisha fedha za bidhaa iliyokuja kuwa miongoni mwa zenye faida kubwa kuliko zote zilizowahi kuuzwa.

Julai 10, 2008 likafunguliwa duka la programu, likiwa na programu 500 hivi. Masharti yalikuwa mawili: hakuna programu itakayoingia kwenye iPhone bila kupita dukani humo, na kila dola 10 anazolipa mteja, 3 ni za Apple. Watengenezaji wa programu hawakulalamika. Wengi walikuwa wamezoea kunyonywa zaidi na kampuni za simu, na Jobs mwenyewe alisema hakutarajia kupata faida kubwa dukani humo. Kesi nyingi za miaka iliyofuata zilizaliwa na masharti hayo mawili.

2009–2018: Vita vya hataza

Nokia, iliyokuwa mfalme wa simu duniani, ndiyo iliyoanza, Oktoba 2009, ikidai kwamba Apple inatumia uvumbuzi wake wa mawasiliano bila kulipa. Walipatana Juni 2011, Apple ikakubali kulipa. Kufikia hapo Apple yenyewe ilikuwa imegeuka mshtaki. Mfumo wa Android wa Google ulikuwa umeanza kuonekana kwenye simu za kampuni nyingine tangu 2008, na Jobs aliamini kwamba ameibiwa. Badala ya kuivaa Google moja kwa moja, Apple iliwaandama wanaounda simu zenyewe: HTC mwezi Machi 2010, kisha Samsung mwezi Aprili 2011.

Kesi ya Samsung ilikuwa na utata wake. Samsung haikuwa mshindani tu. Ndiyo iliyokuwa ikiiuzia Apple chipu kuu ya iPhone. Mahakamani San Jose mawakili walibishana kwa wiki kadhaa juu ya mstatili wenye kona za mviringo na jinsi ukurasa unavyodunda unapofika mwisho. Agosti 24, 2012, raia tisa wa jopo la wazee wa baraza waliamua kwamba Samsung ilikuwa imeiga, na wakaitoza dola bilioni 1.049.

Upande wa pili wa bahari mambo yalikuwa tofauti kabisa. Mwezi mmoja kabla, Jaji Colin Birss wa London aliamua kwamba kompyuta bapa ya Samsung haikuiga ile ya Apple, na moja ya sababu zake ni kwamba ya Samsung haikuwa na mvuto kama ya Apple. Kisha akaiamuru Apple itangaze kwa umma kwamba Samsung haikuiga. Ni nadra kampuni kufurahia kushinda kesi kwa sababu bidhaa yake haivutii.

Kesi ya Marekani iliendelea kusuasua. Desemba 2016 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 8 kwa 0, iliona kwamba fidia si lazima ipigwe hesabu kwa faida ya simu nzima. Kesi ikarudishwa mahakama ya chini. Mei 2018 jopo jingine likatoza dola milioni 539, na mwezi uliofuata pande mbili zikamaliza kimyakimya. Miaka saba ilikuwa imepita. Simu zilizobishaniwa hazikuwa tena sokoni, Samsung ilikuwa imeshakuwa muuzaji mkubwa kuliko wote, na Android ilikuwa kwenye simu nyingi zaidi duniani. Jobs, aliyefariki Oktoba 5, 2011, hakuona hata hukumu ya kwanza.

Apple ilijifunza jambo pale, ingawa kwa kuumia: mahakamani, muda una thamani kuliko hukumu. Samsung ilitozwa, lakini wakati ikisubiri kulipa iliteka soko. Katika kesi zilizofuata Apple ndiyo iliyokuwa mshtakiwa, na ndiyo iliyofaidika na kusubiri.

2013–2016: Euro 50 kwa kila milioni

Mei 21, 2013, Tim Cook, mrithi wa Jobs, aliketi mbele ya kamati ndogo ya uchunguzi ya Seneti mjini Washington. Mwenyekiti, Carl Levin, alikuwa na ripoti mkononi. Kampuni tanzu moja, Apple Operations International, ilikuwa imepokea takriban dola bilioni 30 kati ya 2009 na 2012 bila kujitangaza kuwa mkazi wa nchi yoyote kwa ajili ya kodi. Haikuwa na mfanyakazi hata mmoja. Vikao vyake vya bodi 33 kati ya Mei 2006 na mwisho wa 2012 vilifanyika Marekani, isipokuwa kimoja. Cook alishikilia kwamba kampuni inalipa kila inachodaiwa kisheria, na kusema kweli hilo ndilo lililokuwa tatizo. Seneta Rand Paul alikwenda mbali zaidi, akasema kamati ndiyo inayopaswa kuiomba Apple radhi.

Washington haikufanya kitu. Brussels ilikuwa inasikiliza.

Tume ya Ulaya haina mamlaka ya kupanga viwango vya kodi vya nchi wanachama. Ina mamlaka nyingine: kuzuia serikali isiipendelee kampuni moja na kuvuruga ushindani. Uchunguzi ulifunguliwa Juni 2014, na Agosti 30, 2016 kamishna wa ushindani, Margrethe Vestager wa Denmark, alitangaza matokeo. Mwaka 2011, Apple Sales International ilipata faida ya takriban euro bilioni 16. Kati ya hizo, kiasi cha euro milioni 50 tu ndicho kilichotozwa kodi Ireland. Kwa kila euro milioni moja ya faida, ililipa euro 500. Kufikia 2014 kiwango kilikuwa kimeshuka hadi euro 50 kwa kila milioni. Fundi wa simu wa Cork, mwenye kibanda cha mita mbili, alikuwa akilipa kiwango kikubwa zaidi mara nyingi. Vestager aliiamuru Ireland idai euro bilioni 13, pamoja na riba.

Ndipo ikatokea serikali kukataa fedha. Baraza la mawaziri la Ireland, nchi iliyokuwa bado inaugulia mgogoro wa benki na kubana matumizi, lilikata rufaa bega kwa bega na Apple. Kwa mtu wa nje huo ulikuwa wendawazimu. Kwa Dublin ilikuwa hesabu: Google, Pfizer, Microsoft na wengine walikuwa wamekuja kwa ahadi kwamba sheria za kodi hazibadilishwi nyuma ya mgongo wao. Kuzipokea bilioni 13 ilikuwa kukubali kwamba ahadi ile ilikuwa haramu. Ireland iliburuta miguu hata katika kukusanya, mpaka Oktoba 2017 Tume ikaipeleka mahakamani. Septemba 2018 fedha zote, euro bilioni 14.3 pamoja na riba, zikawa zimewekwa kwenye akaunti maalumu ya amana, zikisubiri mshindi.

2017–2019: Miaka ya kubanwa kila upande

Mwisho wa 2017 Bunge la Marekani lilipunguza kodi ya makampuni kutoka asilimia 35 hadi 21 na kutoza kiwango nafuu kwa faida iliyorundikwa nje. Apple, iliyokuwa na dola zaidi ya bilioni 250 ng’ambo, ilisema Januari 2018 kwamba italipa takriban bilioni 38. Hakuna mahakama iliyohitajika. Ilitosha kuipa kampuni punguzo.

Wiki hizohizo ikakiri kwamba programu zake zilikuwa zikipunguza kasi ya simu zenye betri iliyochoka. Ilieleza kuwa lengo ni kuzuia simu zisizime ghafla, lakini wateja waliona wanalazimishwa kununua mpya. Ufaransa iliitoza euro milioni 25 mwaka 2020, na huko Marekani Apple ikakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza madai ya wateja. Qualcomm nayo, muuza chipu za mawasiliano, ilipigana na Apple kuanzia Januari 2017 hadi Aprili 2019, ikaondoka na malipo ya zaidi ya dola bilioni 4.

Pigo la soko lilitoka China. Katikati ya 2018 Huawei iliipita Apple kwa idadi ya simu zinazouzwa duniani. Januari 2, 2019 Cook aliwaandikia wanahisa kwamba mapato ya robo mwaka yangekuwa dola bilioni 84, pungufu ya kiwango cha chini kabisa walichoahidiwa, na akaitaja China kuwa sababu kuu. Miezi minne baadaye serikali ya Marekani iliiwekea Huawei vikwazo, na mshindani huyo akadhoofishwa na nguvu ambazo Apple haikuwa nazo. Huawei ilirudi Agosti 2023 na simu ya Mate 60 Pro yenye chipu iliyotengenezwa China kwenyewe.

Afrika Mashariki haikuwa uwanja wa pambano hilo. Meza za Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi, zilijaa Tecno, Infinix na itel, zote za kampuni moja ya Shenzhen, na Apple haijawahi kugombea kwa dhati mfuko wa mnunuzi wa kawaida wa huku. Faida yake iko kwa wanunuzi wachache wenye uwezo, na ndiyo maana duka la programu lilizidi kuwa muhimu: simu mauzo yake yanaweza kusimama, kamisheni inaendelea kuingia.

2020–2023: Asilimia 30

Agosti 13, 2020, Epic Games, waundaji wa mchezo wa Fortnite, waliingiza ndani ya mchezo huo njia yao ya malipo, wakampa mteja punguzo la asilimia 20 kama atakwepa duka la Apple. Siku hiyohiyo Apple ikauondoa mchezo. Saa chache baadaye Epic ikafungua kesi, ikiambatanisha filamu fupi ya kuidhihaki Apple iliyokuwa imeshatayarishwa. Wote wawili walijua kitakachotokea.

Jaji Yvonne Gonzalez Rogers wa Oakland alitoa hukumu Septemba 10, 2021. Katika madai 10 Apple ilishinda 9. Jaji hakuona ushahidi wa kutosha wa ukiritimba. Dai la kumi lilionekana dogo: Apple isiwazuie watengenezaji kuwaambia wateja kwamba wanaweza kulipa kwa bei nafuu nje ya duka. Apple ikakata rufaa, na amri ikasimamishwa hadi Mahakama ya Juu ilipokataa kuisikiliza, Januari 16, 2024. Hapo ndipo ilipotii, kwa namna yake. Iliruhusu viunganishi vya nje, kisha ikatoza asilimia 27 kwa kila malipo yanayotokana navyo. Ukiongeza gharama ya kulipia kwa kadi, mtengenezaji hakuambulia chochote.

Jaji hakufurahishwa. Aprili 30, 2025 aliikuta Apple na hatia ya kudharau amri ya mahakama, akasema ofisa mmoja wa fedha alidanganya chini ya kiapo, na akalipeleka suala hilo kwa waendesha mashtaka. Nyaraka za ndani zilionyesha kwamba Phil Schiller, mkongwe wa kampuni anayesimamia duka, alishauri watii. Cook aliwasikiliza watu wa fedha. Fortnite ilirudi kwenye iPhone za Marekani mwezi Mei, karibu miaka mitano baada ya kuondolewa, na kwa miaka yote hiyo kamisheni ilikuwa ikikusanywa.

Wengine walikuwa wamekwisha chukua njia fupi. Korea Kusini ilipitisha sheria Agosti 2021 ya kuwazuia wenye maduka ya programu kulazimisha mfumo wao wa malipo. Uholanzi iliitoza Apple euro milioni 5 kila wiki mwanzoni mwa 2022 mpaka zikafika milioni 50, kwa ajili ya programu za kutafuta wachumba. Tume ya Ulaya ikajumlisha yote hayo. Kesi za ushindani zilikuwa zikichukua muongo, na mshtakiwa alikuwa akitajirika katika kila mwaka wa muongo huo. Basi Umoja wa Ulaya ukatunga sheria ya masoko ya kidijitali iliyogeuza utaratibu mzima: badala ya kuthibitisha kosa baada ya kutendeka, inaorodhesha makatazo mapema kwa kampuni chache zinazoitwa walinda lango. Apple iliwekwa kwenye orodha Septemba 2023 na kupewa hadi Machi 7, 2024 kutekeleza.

2024: Mwaka wa kuvuna

Siku tatu kabla ya tarehe hiyo Tume iliitoza Apple euro bilioni 1.8 kwa malalamiko ambayo kampuni ya muziki ya Spotify iliyafikisha Brussels tangu 2019. Namna faini hiyo ilivyopigwa hesabu inaeleza mengi. Kwa kanuni za kawaida ilikuwa euro milioni 40. Vestager alisema kwa kampuni kubwa kiasi hicho ni kama faini ya kuegesha gari vibaya, ndipo zikaongezwa euro bilioni 1.8 kamili ili kuumiza. Hata hivyo, kwa faida ya Apple ya mwaka ule, dola bilioni 93.7, ni faida ya takriban siku nane.

Machi 21 serikali ya Marekani nayo ikafungua kesi ya ukiritimba katika mahakama ya shirikisho ya New Jersey, ikiungwa mkono na wanasheria wakuu 16. Haikugusa kamisheni sana. Ililenga mbinu za kumfunga mteja: ujumbe unaoharibika ukitumwa kwa mwenye Android, saa ya kampuni nyingine isiyofanya kazi vizuri na iPhone, pochi za malipo zilizozuiwa. Juni 2025 Jaji Julien Neals alikataa ombi la Apple la kuitupa. Kesi za namna hiyo Marekani hudumu miaka.

Kisha Septemba. Tarehe 9 Cook alizindua iPhone 16. Tarehe 10 asubuhi, jijini Luxembourg, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilimaliza kesi ya kodi. Mahakama ya chini ilikuwa imeipa Apple ushindi Julai 2020, ikisema Tume haikuthibitisha upendeleo. Mahakama ya juu ikaufuta ushindi huo na kuusimika uamuzi wa 2016, bila nafasi ya rufaa nyingine. Ireland ikashindwa, na kwa kushindwa ikapata zaidi ya euro bilioni 14. Waziri wa fedha Jack Chambers, akisoma bajeti wiki tatu baadaye, alizielekeza kwenye nyumba, maji, umeme na usafiri.

Kufikia hapo mlango wenyewe ulikuwa umeshabadilishwa komeo. Oktoba 2021 nchi 136 zilikubaliana kiwango cha chini cha kodi cha asilimia 15 kwa makampuni makubwa, na Ireland, baada ya kusita, ilijiunga. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi nne zilizokaa nje ya makubaliano hayo. Ilikuwa tayari na kodi yake ya huduma za kidijitali ya asilimia 1.5 na haikutaka kuiacha kwa ahadi ya mapato yasiyo na uhakika. Uamuzi huo haukuwa wa kipuuzi.

Desemba ikaja kesi kutoka upande ambao Apple haikuuzoea. Mawakili wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo waliwasilisha malalamiko ya jinai Paris na Brussels dhidi ya kampuni tanzu za Apple, wakidai madini yanayoporwa mashariki mwa nchi yanaingia kwenye simu zake kwa kupitishwa Rwanda. Mfano ulio karibu ni Rubaya, katika Masisi, Kivu Kaskazini, ambako watu huchimba koltani kwa sururu na koleo kwenye vilima vyekundu, wakibeba magunia mabegani hadi sehemu ya kuoshea. Humo hutoka tantali, ambayo huhifadhi umeme ndani ya vifaa vidogo vya kila simu. Waasi wa M23 waliutwaa mji huo mwishoni mwa Aprili 2024, na kuanzia hapo kila gunia lilitozwa kodi na wenye bunduki.

Apple ilikana, ikasema imeshawaamuru wasambazaji wake waache kununua madini hayo Kongo na Rwanda. Paris iliyatupilia mbali malalamiko Februari 2025. Ubelgiji ilimteua hakimu wa uchunguzi. Watu wa Kivu wanakumbuka kujiondoa kwa namna hii kulivyowaumiza. Mwaka 2010, Marekani ilipopitisha kifungu cha kuyalazimisha makampuni kutaja chanzo cha madini, wanunuzi wengi walikimbia na wachimbaji wakakosa riziki. Huko kifungu hicho kiliitwa Sheria ya Obama, na haikuwa sifa.

2025: Ushuru na bamba la kioo

Shinikizo jipya lilitoka nyumbani. Aprili 2, 2025 Rais Donald Trump alitangaza ushuru mkubwa wa forodha, na ndani ya siku chache ule wa China ukapanda hadi asilimia 145. Simujanja ziliondolewa kwenye kiwango hicho Aprili 11, lakini ushuru mwingine ulibaki, na katika robo mwaka iliyoishia Juni uliigharimu Apple dola milioni 800. Kazi ya kuunda simu za soko la Marekani ilihamishiwa kwa kasi India. Agosti 6 Cook alikwenda Ikulu na ahadi ya uwekezaji iliyoongezwa hadi dola bilioni 600, pamoja na zawadi kwa rais: bamba la kioo juu ya kitako cha dhahabu ya karati 24. Miaka 12 kabla aliitetea kampuni mbele ya Seneti kwa hoja za sheria. Safari hii njia ilikuwa nyingine.

Brussels haikumsubiri. Aprili 23 ilikuwa imeitoza Apple euro milioni 500 kwa kuvunja sheria mpya ya kidijitali. Katika mwaka wa fedha ulioishia Septemba 2025 kampuni ilipata faida ya dola bilioni 112. Faini hiyo haifiki faida ya siku mbili.

Chaja na duka

Sheria hizi za Ulaya zimefika kwetu kwa namna mbili tofauti. Oktoba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha chaja moja ya aina ya USB-C kwa simu zote. Apple ilipinga, kisha Septemba 2023 ikaitoa iPhone 15 yenye tundu hilo kwa dunia nzima, kwa kuwa kuunda simu mbili tofauti ni gharama. Kwa hiyo mtu wa Mombasa anayeazima chaja ya jirani mwenye Samsung ana wabunge wa Strasbourg wa kuwashukuru.

Duka ni habari nyingine. Programu inajua simu iko nchi gani, na mlango unaweza kufunguliwa hapa na kufungwa pale bila gharama yoyote. Tangu Machi 2024 mwenye iPhone wa Berlin anaweza kupakua programu kutoka duka lisilo la Apple. Mwenye simu hiyohiyo Dodoma au Nairobi hawezi, na kijana wa huku anayeuza programu yake kwa wenye iPhone hana njia nyingine ya kuwafikia. Tanzania ina Tume ya Ushindani, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iko Nairobi, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina mamlaka yake Arusha. Zipelekewe swali la mlango huo uliofungwa huku, na zilijibu kabla haijapita miaka 30.